Don Williams: Jitu mpole aliyevuka mipaka bila pasipoti

Na Mwandishi Wetu

UKIPANDA basi la usiku kutoka Nairobi kwenda Kampala, au ukikaa na madereva wa malori wanaosubiri karatasi zao pale Malaba, usishangae kusikia sauti nzito na tulivu ya mzee wa Kimarekani ikitoka kwenye redio ya gari. Hapigi kelele. Gitaa linapigwa polepole, na ngoma ni kama ya mtu anayegonga mlango kwa adabu. Kuna abiria wasiojua Kiingereza cha kutosha kufuata maneno yote, lakini wimbo wanaujua mwanzo hadi mwisho.

Huyo ni Don Williams, mwimbaji na mtunzi wa muziki wa kantri aliyefariki dunia Septemba 8, 2017 akiwa na umri wa miaka 78. Wapo waliorejea nyumbani baada ya miaka mingi ugenini na kanda zake zikiwa ndani ya sanduku, pamoja na sufuria na blanketi. Wapo pia waliozijua kwa mara ya kwanza sokoni, kwa muuza kanda.

Hata hivyo, wengi wanaomjua kwa sauti hawamjui kwa maisha. Alikuwa nani? Alizipataje nyimbo zile? Na je, ni kweli kwamba zote alizitunga yeye, kama wengi wanavyoamini?

SAA YA KENGELE

Donald Ray Williams alizaliwa Mei 27, 1939 katika mji mdogo wa Floydada, magharibi mwa jimbo la Texas. Alikulia Portland, mji ulio katika jimbo hilohilo lakini kusini, karibu na bandari ya Corpus Christi.

Inaelezwa kwamba alipokuwa na umri wa miaka mitatu tu alipandishwa jukwaani katika shindano la vipaji, akaimba na kushinda. Zawadi ilikuwa saa ya kengele. Baadaye mama yake alimwonyesha namna ya kushika gitaa, na kijana hakuliacha tena.

Alimaliza sekondari mwaka 1958, akatumikia jeshi la Marekani, kisha akarudi uraiani na kufanya kazi za hapa na pale ili kuilisha familia. Aprili 1960 alimwoa Joy Bucher, na wakajaliwa watoto wawili wa kiume. Ndoa hiyo ilidumu hadi kifo kilipowatenganisha miaka 57 baadaye. Katika biashara ya muziki, ambako nyota hubadilisha wake kama mashati, hilo pekee lilitosha kumfanya aonekane mtu wa ajabu.

KISIMA KIKAVU

Mwaka 1964 Don aliungana na wenzake wawili, Susan Taylor na Lofton Kline, wakaanzisha kundi lililoitwa Pozo-Seco Singers. Pozo seco ni Kihispania, maana yake kisima kikavu. Ni maneno ya watafuta mafuta wa Texas wanapochimba wasipate kitu.

Kisima chao lakini hakikuwa kikavu. Mwaka 1966 wimbo wao uitwao Time uliingia kwenye chati za kitaifa, na kampuni kubwa ya Columbia ikatoa santuri zao. Ulikuwa muziki wa magitaa na sauti za kupokezana, uliopendwa sana na vijana wa vyuo wakati ule. Upepo ulipobadilika, mauzo yalishuka. Mwaka 1970 kundi likavunjika.

Don alikuwa na miaka 31, ana mke na watoto, na jina lake halikuwa na uzito peke yake. Akaacha muziki. Kwa muda alifanya kazi nyingine kabisa, kama mtu yeyote aliyejaribu biashara ikamshinda. Ingeishia hapo, leo tusingekuwa na habari ya kuandika.

ALIAJIRIWA KUANDIKA

Aliporejea kwenye muziki alikwenda Nashville, Tennessee, mji ambao ndio makao makuu ya muziki wa kantri. Huko alipokewa na Jack Clement, mtu aliyewahi kufanya kazi na Johnny Cash na Jerry Lee Lewis katika studio ya Sun, Memphis. Clement alimpa kazi ya utunzi. Atunge nyimbo, kampuni izipeleke kwa waimbaji wenye majina, wao waziimbe.

Hapa inafaa tueleze kidogo, maana jambo hili ndilo linaloendesha mji wa Nashville. Kule, wimbo ni mali yenye hati kama kiwanja. Mtunzi anauandika, kampuni ya uchapishaji wa muziki inausajili na kuutafutia mwimbaji. Santuri ikiuzwa, mtunzi anapata sehemu yake. Wimbo ukipigwa redioni, mtunzi na mchapishaji wake wanalipwa mrabaha. Na jambo la kushangaza ni kwamba kwa sheria ya Marekani, vituo vya kawaida vya redio havimlipi mwimbaji kwa kupiga wimbo wake. Vinamlipa aliyeutunga. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa chumbani na kalamu, asiimbe jukwaani hata siku moja, na bado akajenga nyumba.

Don alianza kama mmoja wa hao watu wa kalamu. Lakini sauti yake ilipochukuliwa studio, Clement na wenzake wakaona hakuna haja ya kumtafuta mwimbaji mwingine. Kampuni ndogo ya Clement, JMI, ikatoa wimbo The Shelter of Your Eyes, alioutunga Don mwenyewe, na mwanzoni mwa mwaka 1973 ukaingia kwenye orodha ya nyimbo 20 bora za kantri. Mwaka huohuo ilitoka albamu yake ya kwanza.

JMI haikuwa na nguvu ya kusambaza santuri nchi nzima. Mwaka 1974 Don alihamia kampuni kubwa zaidi, ABC/Dot, na mwaka huohuo akashika nafasi ya kwanza kwa mara ya kwanza na wimbo I Wouldn't Want to Live If You Didn't Love Me. Kuanzia hapo hadi mwaka 1986 alifikisha nyimbo 17 zilizoshika namba moja katika chati za kantri za Marekani.

NYIMBO ZIPI NI ZAKE?

Sasa turudi kwenye swali letu. Ukweli ni kwamba nyimbo nyingi zilizomjengea jina Don Williams zilitungwa na watu wengine, na yeye hakuwahi kulificha hilo.

You're My Best Friend, ule wimbo wa mwaka 1975 unaopigwa hadi leo kwenye harusi za Afrika Mashariki, ulitungwa na Wayland Holyfield. I Believe in You, uliotamba mwaka 1980 hadi nje ya Marekani, ulitungwa na Sam Hogin akishirikiana na Roger Cook, Mwingereza aliyehamia Nashville. Lord, I Hope This Day Is Good, ambao kwa wengine ni kama sala ya asubuhi, ni wa Dave Hanner. Amanda, It Must Be Love na Say It Again ni kazi za Bob McDill.

Tulsa Time nao una kisa chake. Uliandikwa na Danny Flowers, mpiga gitaa katika bendi ya Don, alipokuwa amekwama hotelini katika mji wa Tulsa, jimbo la Oklahoma, kwa sababu ya theluji. Don aliurekodi mwaka 1978 na mwanzoni mwa mwaka uliofuata ukawa namba moja. Mwingereza Eric Clapton naye aliuchukua. Mpiga gitaa wa nyuma akawa amejipatia mali ya maisha kwa kazi ya jioni moja.

Na zake mwenyewe je? Zipo, tena si haba. Love Me Over Again, ulioshika namba moja mwaka 1980, ni wake peke yake. Lay Down Beside Me ni wake. Till the Rivers All Run Dry, namba moja ya mwaka 1976, aliuandika pamoja na Holyfield, na mwaka uliofuata wanamuziki wa roki wa Uingereza Pete Townshend na Ronnie Lane wakaurekodi upya. Clapton aliweka wimbo mwingine wa Don, We're All the Way, ndani ya albamu yake ya Slowhand ya mwaka 1977. Johnny Cash naye alirekodi utunzi wake wa Down the Road I Go.

Kwa hiyo Don alikuwa mtunzi ambaye watunzi wenzake walimheshimu, na pia mwimbaji aliyejua kuchagua. Anayejua kutunga anajua pia kukataa. Nyimbo zake nyingi zinahusu mambo ya kawaida: mume anayemshukuru mke wake, mtu anayeomba siku ipite salama, mtu aliyeachwa na anajaribu kujikaza. Ugomvi wa baa na kujisifu kwa bunduki alivikwepa. Mwanamke anayesikiliza akiwa jikoni na mwanaume anayesikiliza akiwa barabarani wote walijiona ndani yake.

LAFUDHI ILIYOPOTEA NJIANI

Kuna wimbo mmoja ambao haukushika namba moja, uliishia namba mbili mwaka 1980, lakini wenyewe wa Nashville wanauhesabu kati ya nyimbo bora zilizowahi kuandikwa katika muziki huo. Unaitwa Good Ole Boys Like Me. Mtunzi ni Bob McDill, naye alieleza kwamba aliuandika baada ya kusoma riwaya ya Robert Penn Warren, mwandishi kutoka kusini mwa Marekani.

Anayesimulia ni mtu aliyezaliwa kusini, sehemu ambayo Wamarekani wengine huwacheka watu wake kwa namna wanavyozungumza. Anamkumbuka baba yake, redio iliyokuwa kando ya kitanda chake usiku, na rafiki wa utotoni aliyeangamia mapema. Yeye alikuwa na akili, akajifunza kuzungumza kama watangazaji wa taarifa ya habari, akaondoka kijana. Sasa anajiuliza kama aliyebaki ndani yake bado ni yule wa nyumbani.

Aliyekulia kambini au katika mji wa ugenini, kisha akarejea kwenye nchi ya wazazi wake, hahitaji kutafsiriwa maneno haya. Anajua maana ya kufungua mdomo sokoni na watu wakamtambua papo hapo kwamba huyu katoka Tanzania, yule katoka Uganda, mwingine Kongo. Anajua watoto wanaochekwa shuleni kwa lafudhi, na wazee wanaochanganya lugha tatu katika sentensi moja. Wimbo umeandikwa kwa ajili ya watu wa Tennessee na Louisiana, lakini swali lake ni la kila aliyehama. Don aliuimba bila kulia na bila kulaumu, labda ndiyo maana unaingia.

ALIVYOFIKA KWETU

Muziki wa kantri haukuletwa Afrika Mashariki na Don Williams. Ulitangulia zamani, enzi za gramafoni. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipofika kwa Wakipsigis, nchini Kenya, na mashine yake ya kunasa sauti, aliwakuta wasichana wakiimba kumsifu kiumbe aitwaye Chemirocha, nusu mtu nusu swala. Jina hilo lilikuwa la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa mwanzo kabisa wa kantri, aliyefariki mwaka 1933. Santuri zake zilikuwa zimefika kule pamoja na Wazungu, na wenyeji wakampa jina na umbo lao.

Baada yake alikuja Jim Reeves, ambaye sauti yake laini ilipendwa sana redioni hata baada ya kufa katika ajali ya ndege mwaka 1964. Don Williams akairithi njia hiyohiyo. Mwaka 1997 alikwenda mwenyewe barani Afrika na kuimba Harare, Zimbabwe, na onyesho hilo likatolewa kwa jina la Into Africa. Anayeitazama video hiyo anaona umati wa Waafrika ukiimba naye neno kwa neno, na mzee mwenye kofia iliyochakaa akitabasamu chini ya ndevu zake.

Huku kwetu mbegu hiyo imeota. Nchini Kenya, Elvis Otieno, maarufu kama Sir Elvis, amejijengea jina kwa kuimba kantri, na mashabiki wanaofika na kofia na buti si wachache.

KANDA ZA MAGENDO

Hapa pana jambo ambalo wafanyabiashara wa mipakani wanalijua vizuri kuliko mwandishi. Kanda nyingi za Don Williams zilizouzwa katika masoko yetu hazikutoka kiwandani Marekani. Zilirudufiwa. Mtu alikuwa na kanda moja halali na redio yenye milango miwili, akanunua kanda tupu kwa jumla, akatoa nakala usiku kucha, kisha mzigo ukavuka mpaka pamoja na sabuni na vitenge. Karatasi ya juu ilikuwa fotokopi, na majina ya nyimbo yameandikwa kwa makosa. Baadaye zikaja CD, na leo kijana mwenye kompyuta anakujazia nyimbo mia kwenye flashi au kwenye kadi ya simu kwa pesa kidogo.

Kwa upande mmoja, bila kanda hizo mtu wa Ngara au wa Muyinga asingemjua Don Williams kamwe, maana hapakuwa na duka la santuri halali ndani ya safari ya siku nzima. Kwa upande mwingine, senti ya kanda hizo haikumfikia Don, wala Holyfield, wala McDill. Mzee alikuwa na shamba lake karibu na Ashland City, Tennessee, hakulala njaa. Lakini desturi ile ile ya kurudufu ndiyo inayomkuta mtunzi wa Bujumbura, wa Mwanza au wa Mbarara, ambaye hana shamba wala redio za Marekani za kumlipa mrabaha. Wimbo wake unatamba kwenye kila basi, naye anapanda basi hilohilo kwa nauli ya kukopa.

Nchi zetu sasa zina sheria za hakimiliki na vyombo vya kukusanya mirabaha. Kazi iliyobaki ni kuvifanya vikusanye kweli, na kugawa kilichokusanywa. Nashville haikujengwa na vipaji peke yake. Ilijengwa pia na daftari linaloonyesha nani kaandika nini na analipwa kiasi gani.

ALIVYOTUNDIKA KOFIA

Don hakuwa mtu wa makeke. Alikuwa mrefu, mwenye maneno machache, na wenzake wakampachika jina la Jitu Mpole. Jukwaani mara nyingi alikaa kwenye stuli na kikombe cha kahawa kando yake. Mahojiano aliyakwepa. Mwaka 1978 chama cha muziki wa kantri, CMA, kilimtangaza mwimbaji bora wa kiume, na mwaka 1981 albamu yake ya I Believe in You ikatwaa tuzo ya albamu ya mwaka.

Mwaka 2006 aliaga jukwaa kwa ziara ya mwisho iliyofungwa Memphis. Mwaka 2010 akaingizwa katika Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri, na mwaka huohuo akarudi tena barabarani. Alitoa albamu ya And So It Goes mwaka 2012 na Reflections mwaka 2014. Machi 2016, baada ya upasuaji wa nyonga, alitangaza kwamba sasa amestaafu kweli. Mei 2017 wanamuziki wa kizazi kipya, akiwemo Chris Stapleton na Garth Brooks, walimtolea albamu ya heshima, Gentle Giants. Aliiona ikitoka. Miezi isiyofika minne baadaye akafariki huko Mobile, Alabama, kwa ugonjwa wa mapafu.

Siku hiyohiyo mwimbaji mwingine wa kantri, Troy Gentry, alikufa kwa ajali ya helikopta, na Nashville ikalia misiba miwili kwa pamoja. Mtunzi wake mkuu, Bob McDill, naye aliingizwa katika Jumba la Heshima mwaka 2023, ushahidi kwamba kule hata mtu wa kalamu hukumbukwa.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Don alicheza kwao akatunzwa, kisha akachezewa kwetu bila mtu kumtunza, na hakulalamika. Wetu walio hai bado tunaweza kuwatunza. Ndugu msomaji, ukikutana na mwanamuziki wa mtaani kwenu anauza kazi yake mwenyewe kwa mkono wake, nunua kwake, hata kama jirani anayo kwenye flashi.